Kingereza ya Dorcelle ku nyumba ya mama mukwe

Séphora, uko wapi? Kamata simu! Dorcelle anajichoma leo!

Unajua njo siku alienda kujionyesha ku mama ya Faustin, muchumba wake, ile familia ya Butembo inaishi kule Kampemba. Rideaux zote, mapazia ya salon, zilifungwa, courant hakuna, giza tu, mama anamuangalia tu, amekunja uso. 

Mama anaingia ku cuisine. Dorcelle wetu anakumbuka devoir ya prof Ephraïm wa Kingereza: mufanye audio, museme mahali muko, na ma adjectifs ya huzuni na ya kununa. Anakamata simu, anasema polepole: "This house is gloomy. The mother is grumpy. Very grumpy."

GRUMPY, Séphora! Muntu wa kununa! Mama mukwe! Mu kichwa yake, bantu ba Butembo banajua paka Kinande, Swahili na Français.

Ule mama alikuwa anaendaka Kampala kununua bitenge, miaka na miaka!!

Na audio iko mu groupe ya classe, kidole ilishtuka, ikatuma yote. Sikiliza mwisho. Mulango inalia, kisha sauti ya mama: "Grumpy ni bwana yangu. Miye niko tu moody. Na weye uko hungry, kuja kula."

 Kisha kasauti ka Dorcelle: "Yes, mama." 😭😭

Faustin anasema Dorcelle alikula bukari mara mbili, anainamisha kichwa. Kisha mama alisimama, alifungua rideaux zote, alimuambia: "Haya, bibi ya mutoto yangu. Recommence devoir, anza upya."