Kahawa Siku ya Mnada

Mjukuu wangu Nasra,

Salamu nyingi kutoka Al Hail, huku Maskati. Sote wazima, alhamdulillahi, goti langu tu ndilo linalonikumbusha umri. Mamaako anakusalimu, na anasema huko Unguja ule, usikonde.

Umeniuliza nyumba yetu ya huko mjini Unguja ilipoteaje. Baba aliiweka rehani, bei ya karafuu ikaanguka, deni likamshinda, korti ikaamuru inadiwe. Hayo yanatosha.

Asubuhi ile dalali alikuja na kengele yake, wanunuzi wakajaa barazani. Mama yuko ndani analia. Baba akaniita, "Zuwena, lete kahawa."

Nikamwambia, "Baba, hawa si wamekuja kutupokonya nyumba?"

"Wamekaa kwenye baraza yangu," akasema. "Mpaka kengele ilie mara ya mwisho, ni wageni wangu."

Nikawamiminia mmoja mmoja. Yule aliyeinunua alimaliza kikombe chake, akashindwa kumtazama baba usoni. Nilimkasirikia baba miaka mingi. Leo nikimimina kahawa hapa Maskati, namsikia yeye, kengele siisikii.

Nyumba yenyewe ni ile yenye baraza ndefu, inatazamana na msikiti mdogo. Nna hamu nayo mpaka leo. Wanaokaa humo sasa usiwaambie ilikuwa yetu. Piga hodi, toa salamu, kaa kidogo barazani. Wakikuletea kahawa, inywe taratibu, unywe na yangu. Siku ile mimi nilimimina tu, sikuonja.

Bibi yako,
Zuwena