Maji ya Embe za Achari

Neema mjukuu wangu,

Marahaba. Barua yako imefika. Babu yako hajambo, yuko kule mtaa wa Gerezani kwenye duka lake la spea anabishana na mafundi. Mama yako amekununulia soksi.

Unaniuliza kama wewe ni mjinga, maana tangu uingie kidato cha kwanza huelewi masomo kwa Kiingereza. Hata mimi nililia hivyo hivyo nilipokuwa sekondari. Maduka ya Kariakoo yalikuwa yameanza kujaa bidhaa za nje, lakini kitabu kimoja cha baiolojia tulikisoma watu sita. Jayshree, niliyekaa naye dawati moja, alisoma Kiingereza bila kukwama. Nilimwonea wivu, hadi siku aliponinong'oneza, "Hii osmosisi, eti maji kupenya kwenye utando kufuata chumvi, hata mimi siielewi."

Jioni nikaenda kwao Mchafukoge. Mama yake alikuwa ametia chumvi embe za achari, na ndani ya bakuli, chini, kulikuwa na maji.

"Mama, uliongeza maji?" nikamuuliza.

"Hapana. Chumvi imeyavuta kutoka kwenye embe."

Tukatazamana na Jayshree, tukaanza kucheka.

Kesho yake nilinyoosha mkono, nikaeleza osmosisi kwa mfano wa zile embe, kwa Kiswahili, Jayshree akatafsiri. Mwalimu wetu, ambaye hakuruhusu Kiswahili darasani, aliweka chaki mezani. Kisha akasema, kwa Kiswahili, "Miaka yote nimeifundisha kama ilivyoandikwa. Leo ndiyo nimeielewa."

Wewe si mjinga, mama. Zungumza na wenzako. Huenda nao wanalia kimya kimya.

Bibi yako akupendaye