Siku Nilipoutembea Mpaka wa Shamba Lako

Mdogo wangu Verediana, uliyeko Goma kwa binti yako,

Nakuandikia kutoka kitandani, katika chumba cha chini cha jengo jipya la nyumba ya mafungo. Dirisha langu linatazama ziwa. Pale chini walipopanda maua na kusimamisha sanamu ndipo lilipokuwa jiko lako. Wageni wanaokuja kusali huketi hapo asubuhi na Biblia zao. Juzi mmoja aliniambia kwamba mahali hapa pana utulivu wa ajabu. Nikamjibu kwamba ni kweli, kwa kuwa mwenye sufuria alishaondoka. Alicheka, akidhani ni utani wa wazee.

Daktari ameacha kuniandikia dawa za kunitibu. Sasa ananipa za maumivu tu. Kwa hiyo nitasema upesi.

Unakumbuka tuliporudi kutoka ukimbizini Karagwe na kupata kile kipande cha ardhi hapa Nyamyumba, hatukuwa na hata jembe letu wenyewe. Uliomba vipande vya miyenzi, ule mmea wa uzio wenye utomvu mkali, kwa jirani, wewe ukikata, mimi nikichomeka, kuanzia barabarani hadi karibu na maji. Utomvu uliniruka jichoni. Ulinilaza, ukanibana kichwa kwa magoti, ukanimiminia maziwa. “Tulia, Mwalimu! Unalia kuliko mwanangu.” Hakuna mtu aliyeujua uzio ule kama sisi wawili.

Watu wa nyumba ya mafungo walipoleta mchoro wa bweni la ghorofa na kanisa dogo, ofisi ya sekta, yaani ya kata, ilibandika tangazo na kutuita majirani tusikilize. Mchoro ule ulimeza jiko lako na bustani ya maharagwe. Ramani ya hati zako ilikuwa imekosewa, haikulingana na uzio. Basi ikafanyika kama inavyofanyika kwetu: karatasi na uzio vikigombana, aliyepanda huitwa autembee mpaka mbele ya majirani, na anapokanyaga ndipo panapoandikwa. Tulipanda wawili, lakini waliniita mimi, mwanaume, mkubwa, niliyefundisha nusu ya waliokuwa mkutanoni. Nawe ulisema mbele ya wote, “Kaka atembee. Mimi na yeye ni kitu kimoja.”

Sikuwa nimekuambia kwamba wiki ile msimamizi wa mafungo alikuja kunitembelea. Alileta matunda. Akauliza ni nani anayenipikia uji tangu mke wangu afariki, nami sina mtoto. “Jengo jipya litakuwa na vyumba vya wazee, Mwalimu,” akasema. Hakuniomba kitu chochote. Nilielewa bila kuombwa, na hilo ndilo linalonichoma zaidi.

Ilikuwa Jumamosi ya umuganda, watu wametoka kwenye kazi za pamoja, majembe bado mabegani. Nilianza vizuri. Nilipofika kwenye mparachichi, uzio wetu ukakata kushoto, mimi nikakata kulia. Nikafuata ule uzio mdogo uliouweka baadaye kuzuia mbuzi, nikiliacha jiko lako na bustani upande wao. Baba Shukuru, muuza sambaza, wale dagaa wa ziwani, akapaza sauti: “Eh, Muzee! Mupaka iko kule chini, we unaenda wapi? Ama unatafuta mbuzi?” Watu wakacheka. Nikamgeukia: “Wewe umehamia hapa juzi. Shughulika na samaki wako.” Akainua mikono. “Bon, mi nanyamaza. Mwalimu ni Mwalimu.”

Afisa akaandika. Nilikungoja upige kelele. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kukushinda. Ukaitazama miguu yangu tu. Nilipomaliza ukaniuliza kwa upole, ukijua mguu wangu mbovu, “Kaka, leo mguu hauumi?” Hujasema nami tena tangu siku hiyo. Nitakiri na hili baya: nilikukasirikia kwa miaka kwa sababu ya upole ule, kana kwamba wewe ndiye uliyenikosea.

Ukuta ulipopanda, nyumba yako ikabaki bila njia, ukaifunga ukaenda. Mimi nikahamia humu. Wananipa uji, wananibadilishia shuka, wananiombea kwa jina. Najua kila kijiko nilikilipia kwa kitu kisichokuwa changu.

Sasa tangazo jingine limebandikwa. Wanataka kupanua tena, mpaka ilipo nyumba yako, wakisema imetelekezwa. Afisa alipokuja kukagua, niliomba nisukumwe kwenye kiti hadi walipokuwa. Nikasema kwa sauti yote iliyobaki kwamba mpaka nilioutembea ni uongo. Afisa ni binti mdogo, mwenye adabu. Alichuchumaa mbele yangu. “Pole, mzee. Umekunywa dawa leo?” Msimamizi akaniwekea mkono begani, akasema siku hizi nachanganyikiwa. Baba Shukuru peke yake akasema, “Hapana, leo ndiyo muzee anasema kweli.” Jirani akamvuta shati: “Wacha. Muzee iko na homa.” Hakuna kilichoandikwa.

Nilipokuwa na nguvu nilidanganya, wakaandika kila hatua. Sasa nasema kweli, wananipa maji ya kunywa.

Ndiyo maana barua hii ni ya wazi. Nakala moja Baba Shukuru atakuletea huko Goma, ng'ambo ya mpaka wa nchi, nyingine ataipeleka ofisi ya sekta, na kila atakayetaka aisome. Akili yangu ni timamu. Jiko, bustani na njia ya kwenda ziwani ni vyako, na nyumba haikutelekezwa. Ilizibiwa njia kwa ushahidi wangu. Lakini karatasi yangu haitoshi. Pingamizi linapokelewa hadi mwisho wa mwezi, na anayesikilizwa ni mwenye shamba akiwa amesimama hapo.

Sikuombi unisamehe. Hivi karibuni watakupigia simu kwamba nimekufa, na kila mtu atakuambia dada hakosi kwenye mazishi ya kaka yake. Usije kunizika. Kama una nguvu za kuvuka mara moja tu, vuka siku ya mkutano wa kusikiliza pingamizi. Usimwachie mtu mwingine, hata mwanao. Tembea wewe mwenyewe, polepole, kila mtu aone unapokanyaga.

Kaka yako, kama bado unakubali niitwe hivyo.