Gugumaji Chumbani kwa Bi Harusi

Zuhura mdogo wangu,

Salamu za mahaba kutoka Wambaa, Pemba! Hamadi wangu ni asali, we acha tu. Mama yake alitupambia chumba kwa asumini na beseni la maua ya zambarau. Kutazama vizuri, gugumaji! "Mengine kesho nayatia bwawani, waliko perege," akasema. Niliogopa kumuudhi mkwe siku ya kwanza, lakini nikamkumbuka Baba huko ziwani Mwanza, akivuta wavu uliojaa majani matupu. Nikamweleza jinsi gugu hili geni linavyoziba maji na kuua samaki. Akayamwaga juani yakauke, huku akicheka: "Hamadi! Mkeo kafika leo, keshafukuza mgeni!" Kisha mimi, mgeni niliyebaki, nikapakuliwa pweza wa nazi.

Mwambie Baba nimemlipizia kisasi. Nawabusu nyote,

Dada yako Rehema