Majivu Mbele ya Hema

Kijiji cha Oke-Ilewo,
Nje ya Abeokuta.
9 Agosti 1918.

Mpendwa mdogo wangu Sodeinde,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Hujambo? Mguu uliojeruhiwa kwenye vita vya Mjerumani umepona? Huko kambini Lokoja mnakula vizuri? Sisi tu wazima, Mama pia, ila kikohozi cha moshi hakijamwacha.

Utakuwa umesikia kwamba watu wetu waling'oa reli. Ni kweli. Tulichoka kulimishwa barabara bila ujira, na wanaokataa kufungwa. Baba mdogo Lasile alikuwa miongoni mwa walioing'oa. Siku ya tatu baada ya hapo askari wa serikali walimpiga risasi kijitoni. Tumemzika uani kwake, kwa heshima zote.

Kisha wakaja kijijini. Sajini wao alikuwa Mwoyo, wa jamaa zetu wa kaskazini, anasema lugha yetu kama wewe. Alimwambia Mama atoke, wameamriwa kuchoma. Mama akaendelea kukoroga mtungi wake wa nili ya kutilia nguo rangi kana kwamba hakuna mtu. Walimbeba wakamtoa nje. Nyumba ikaungua, mitungi yote kumi na miwili wakaivunja.

Hakulia, Sodeinde. Asubuhi aliita wanawake wa mtaa, tukazoa majivu ya nyumba zetu kwenye vibuyu, tukaenda nayo mpaka kambini kwao. Tukayamwaga mbele ya hema la mzungu mkubwa. Akauliza, kupitia kwa mkalimani, tunaomba nini.

Mama akamjibu, "Hatujaja kuomba. Tumekuletea ulichokichuma kwetu."

Yule sajini ndiye aliyekuwa akitafsiri. Aliinamisha macho, lakini alitafsiri neno kwa neno. Tuliondoka polepole, na hakuna aliyethubutu kutugusa. Tangu siku hiyo hakuna hata mmoja wetu aliyeshika jembe la barabara yao.

Tumeshaezeka vyumba viwili, na Mama ana mitungi mipya mitatu.

Nasikia huenda kikosi chenu kikaletwa huku. Mimi sikuamrishi, una akili zako. Ila Mama ananiambia nikuandikie hivi: ukija na nguo zako za nyumbani, chumba chako kipo. Ukija na zile za askari, amala, ule ugali wa viazi vikuu, atakupikia, kwa kuwa wewe ni mwanawe, lakini utaila nje.

Mkeo Abeke na shangazi Olaitan wanakusalimu. Mungu akulinde, na mikono yako pia.

Ni mimi dada yako, nisiyechoka kukupenda,
Efunsola