Tonge la Dafroza

Kasulu, Jumapili, 13 Julai 2025

Dada Dafroza,

Nimefunga mlango wa chumba cha kushonea ili nikuandikie. Vumbi la Julai limeanza, hata karatasi hii imeshika wekundu. Sijui barua ya mtu aliyekufa hupelekwa wapi. Nitaiweka kwenye mfuko wa lile gauni lako la kitenge cha kijani, maana sasa liko kwangu.

Kwanza nikupe habari usiyoijua. Nimekonda. Usicheke. Mimi Spesioza, ambaye ulikuwa ukisema tukipanda gari pamoja dereva akague matairi, sasa napita katikati ya vyerehani viwili bila kugeuka ubavu. Mama Shabani wa duka la jirani huniambia, "Spesi, tia jiwe mfukoni, upepo huu utakuokota." Yeye anatania. Wengine hawatanii. Wananitazama shingo, kisha wananisalimia kwa sauti ya kumwamkia mgonjwa.

Siumwi, dada. Nilipasuliwa.

Ulipoanguka pale jikoni kwako Kibondo, walisema ni presha, na sukari iliyokuwa imejificha. Baada ya mazishi nami nikaenda kupimwa. Daktari alinitazama, akatazama majibu, akaniuliza dada yangu alikuwa na umbo gani. Nikamwambia tulikuwa tunaazimana magauni. Akasema, "Basi mama, wewe ni yeye, umechelewa tu miaka michache." Mwanangu Elia, yule aliyeko Dar, akahangaika mpaka nikapelekwa huko mwezi wa kwanza.

Wamenivisha pete ya mpira tumboni, dada, kwa ndani, pale juu chakula kinapoingilia. Juu ya pete imebaki nafasi ndogo kama kikombe cha kahawa. Na chini ya ngozi, hapa ubavuni, kuna kitu kigumu kama kifungo cha koti. Daktari huchoma sindano hapo akaongeza maji na pete ikabana, au akayapunguza ikalegea. Wiki za mwanzo nilikunywa supu iliyochujwa. Kisha uji. Kisha viazi vya kuponda kama vya mtoto anayeota meno. Sasa nakula vijiko vitano, natafuna mpaka taya zinachoka, na maji siyagusi mpaka muda upite. Nikifanya haraka, chakula kinasimama kifuani kama mtu aliyekwama mlangoni na mzigo kichwani. Hapo hakuna la kufanya ila kirudi kilikotoka.

Kibaya kuliko vyote ni ugali wa muhogo. Unanata. Daktari wa Dar aliponiuliza kwetu tunakula nini, nikamjibu, aliweka kalamu chini.

Hayo ndiyo ya mwili. La pili ndilo limenikalisha hapa, na nimeanza kuliandika mara tatu nikachana.

Nakuonea wivu, dada. Umekufa na bado nakuonea wivu.

Unaikumbuka ile sahani ya bati yenye ukingo wa bluu? Sisi watatu mkekani, Mama, wewe na mimi. Kwa Mama tonge la mwisho halikugombewa. Alikuwa akilisukuma kwa kidole mpaka mbele ya mtu, akimwita mwanawe kwa Kirundi chake, "Mwana wanje, maliza." Ukisukumiwa hukatai. Na mtu huyo ulikuwa wewe. Siku zote ulikuwa wewe. Mimi nilisukumiwa sahani nikaioshe.

Siku moja ya mgebuka, nadhani nilikuwa na miaka saba, uliibana nusu ya tonge lako kiganjani ukanifuata nje, nyuma ya ghala. Ukanipa. Lilikuwa bado lina joto, na kipande cha samaki ndani yake. Mimi nikalitupia kuku mbele ya macho yako. Hukunisema kwa Mama. Ulitazama kuku wanavyogombana, ukasema, "Leo kuku wamebarikiwa." Nimekuwa mtu mzima, nimezaa, nimezika mume, na lile tonge bado naliona likipigwa midomo pale chini.

Hata tulipokuwa na mvi. Nilikuwa nikija Kibondo kukusalimuni, tunakaa kama zamani, na mwisho kidole cha Mama kinaondoka, kinapita mbele yangu, kinakwenda kwako. Nilikuwa nakijua kidole kile kama mtu anavyoijua njia ya kwake.

Nilipokuwa nimelala hospitali Dar, na mpira wa dripu mkononi, niliwaza: Dafroza amekwenda na tumbo lake zima. Binti yako Neema alikuwa ameniambia kwamba jioni yako ya mwisho ulikula maharage ya mawese ukakomba na chungu. Mazishini wanawake walisema, "Alikuwa mtu wa kuijaza nyumba." Mimi nikifa leo watasema nini? Watasema nilikuwa mpole.

Na kuna jambo ambalo sijamwambia hata padre. Siku ya kukuzika, nilipokuwa nalia, na nililia kweli, kulikuwa na sauti ndogo ndani yangu ikisema: sasa mkekani pako wazi.

Nisamehe. Nimeandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Basi nilipopona nikaenda Kibondo kwa Mama. Akapika. Nikasema, "Nimekula njiani, Mama." Akafunika chungu. Safari ya pili nikasema hivyohivyo, akaniuliza, "Njiani kuna mama gani anayepika kunishinda?" Safari ya tatu hakunikaribisha tena. Alimwita binti yako. "Neema, njoo ukae hapa kwa mama yako." Neema akaja akakaa pale pale, kiwiko cha kushoto juu ya goti kama wewe, akala kama wewe. Kidole kikaondoka. Nikakifuata kwa macho mpaka kilipofika kwake. Mtoto wa miaka ishirini, dada, ananiita mama mdogo, ananitandikia kitanda, na moyo wangu ukamchukia kwa muda wa tonge moja.

Utasema, si ungemwambia Mama ukweli? Ningemwambiaje? Wewe ulivuka kutoka Burundi ukiwa mgongoni kwake, mkikimbia mkiwa na njaa. Mimi nilizaliwa huku, shamba limeshapatikana, mihogo imeshaiva. Mama akisikia mtoto anakataa chakula hutoka nje, hawezi kukaa. Sasa nimwambie kwamba mwanawe amesafiri mpaka Dar es Salaam, akalala kitandani, akafungwa makusudi ili asile? Nilishindwa. Nikaona afadhali anidhanie nina majivuno.

Kumbe hakunidhania majivuno. Nilikosea hapo.

Mwezi uliopita tuliondoa matanga yako, mwaka umetimia. Watu walikuwa wengi, ungefurahi. Shangazi Melania alikuja kutoka Kasanda na kamdomo kake. Mimi nilikuwa nazunguka na sufuria nikigawa, ili nisionekane sijakaa. Shangazi aliniona. Akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa wanaume, "Huyu tangu afike hajatia kitu kinywani. Halafu anazidi kukauka. Spesioza, unaogopa nini katika chungu cha mama yako?"

Unajua maana yake. Kwetu mtu akisusa chakula cha matanga, amesema bila kusema: aliyekufa hakufa bure, na mkono uko humu humu ndani. Wanawake wakaacha kutafuna. Nikamtazama Mama, na usoni mwake nikaona kwamba swali la Shangazi lilikuwa la kwake pia. Alikuwa nalo tangu ile safari ya kwanza. Mama yangu alikuwa amelala na kuamka miezi yote ile akidhani mimi nadhani yeye ndiye aliyekuua.

Akasema tu, "Njoo hapa."

Nikaketi mkekani. Mama, Neema na mimi. Ugali, maharage, mgebuka. Nikawa namega vipande kama punje za mahindi, natafuna, nacheza na mchuzi. Uwanja mzima unahesabu taya zangu. Pete ikanionya mapema, nikaacha, nikabaki natazama chini. Neema naye akaacha. Likabaki tonge moja, kubwa, la mkono wa Mama.

Kidole kikaondoka, dada. Kikapita mbele ya Neema. Kikaja.

"Mwana wanje, maliza."

Miaka zaidi ya arobaini nimekingoja. Unadhani ningesema nini? Nimeshiba? Nililichukua lote. Nikalimeza kwa mara mbili, bila kutafuna vya kutosha, huku namwangalia Mama machoni ili aone. Akaona. Akaanza hata kutabasamu. Kisha likasimama. Mate yakajaa kinywani, kifua kikawa kama kimekanyagwa, machozi yakanitoka. Nikakimbilia migombani na likatoka huko, mbele ya waliofuata kuchungulia. Nikamsikia Shangazi, "Yoo! Si niliwaambia?" Neema alinishika kichwa mpaka mwisho. Machozi yake niliyaona yakidondokea kandambili zangu. Yule mtoto, dada. Na mimi nilimchukia.

Niliona hata kuku walikuja.

Jioni, watu walipopungua, nilimfuata Mama chumbani nikapiga magoti nikamweleza yote. Daktari, Dar, pete, maji, sindano. Nikainua blauzi, nikauchukua mkono wake nikauweka juu ya kile kifungo. Akakibonyeza taratibu, kama anavyopima embe.

"Kinauma?"

"Hapana, Mama."

"Na njaa nayo wameifunga?"

"Imepungua, Mama. Sana."

Akaiteremsha blauzi yangu. Kisha akasema, "Watu hao wangekuwepo tulipokuwa njiani kutoka Burundi." Akacheka peke yake, kile kicheko chake cha puani. Mimi sikujua kama nicheke.

Halafu akaniambia jambo, na sijui kama wewe ulilijua. Siku ya tatu ya kutembea, mtu mmoja aliwapa ugali uliopoa ndani ya jani. Mkala nyinyi wawili mpaka likabaki tonge moja. Wewe ulikuwa umelala mgongoni. Mama aliliangalia, akala. Akasema, "Nililila mimi. Maziwa yalikuwa yamekauka, nikajiambia nikila yatarudi. Hayakurudi. Dada yako alipoamka, alinusa mkono wangu akalia mpaka tukavuka."

Nikamuuliza, "Ndiyo maana kila siku ulimpa yeye?"

"Ego, ndiyo. Nilikuwa namwomba radhi. Wewe sikukukosea kitu, ningekupa la nini?"

Dafroza, nimeshona magauni mengi tangu siku ile, na kila nikikanyaga pedali nawaza jambo hilohilo. Kidole nilichokionea wivu maisha yangu yote kilikuwa kinaomba radhi. Na nimekuwa nikidhani kukosewa ndiko kupendwa. Sasa ningepaswa kupoa. Sijapoa sana. Nakuonea wivu hata kwa njia ile, kwa mgongo ule, kwa kuwa ulimjua Mama akiwa na njaa na mimi nimemjua akiwa na ghala. Lakini ni wivu mwingine. Huu naweza kukaa nao chumba kimoja.

Asubuhi yake Mama alitoka uani kabla watu hawajaaga, akasimama mbele ya Shangazi Melania na mwiko mkononi. "Mtoto wangu ana pete tumboni. Ameivaa ili asinifie kama mwenzake. Mwenye swali aniulize mimi." Shangazi akauliza swali moja tu, eti pete ni ya dhahabu? Watu wakacheka, na mimi nikacheka, mpaka mshono ukanivuta.

Juzi nilikwenda tena. Mama alipika viazi, akaviponda na mchuzi wa mgebuka. Ugali akaufanya kidogo pembeni, wa kwake na Neema. Tukakaa. Mwisho alimega kipande, akakifinyanga, akakiangalia, akakipunguza. Akakifinyanga tena. Kikawa kama punje ya harage. Akakichovya kwenye mchuzi mpaka kikalainika, akakisukuma kwangu.

"Hili lako," akasema. "Pole pole."

Nililitafuna mpaka Neema akamaliza kuosha vyombo. Likapita.

Lako lilikuwa kubwa, dada, sikatai. Langu limepimwa.

Kuhusu gauni la kijani: Mama aliniletea akasema nilipunguze nivae Krismasi. Nimeligeuza mezani. Vipimo vyake navijua bila futi, vilikuwa vyangu. Nakuahidi sitakata kitambaa. Nitakunja kwa ndani na kushona kwa mkono, ili Neema akijaliwa kuwa na mwili wako, ashonoe na kulipata lote. Na nakuahidi nitakuwa nakwenda Kibondo kila mwezi maadamu gari zipo, nitakaa pale mkekani, na Neema nitamwachia nafasi yako bila kununa. Nikinuna nitanuna njiani wakati wa kurudi.

Ulale salama, Dafroza. Lile la kuku, nilipaswa kukuomba radhi siku nyingi. Ndiyo hii naomba.

Na huko uliko, mkiketi kula, uniweke akilini.

Mdogo wako,
Spesioza