Jina la Kwanza kwenye Karatasi ya Mahudhurio

Kumbukumbu ya Ildefonsi Nduwayezu, Baba Generosa

Mwaka umeshatimia, Baba Generosa, tangu asubuhi ile ya mvua uliposema utapumzika kidogo ndipo uende shambani. Uji wako ulipoa. Nilidhani umelala, nikawa nawafukuza kuku dirishani wasikuamshe.

Nakuandikia mimi mkeo, kwa mkono wangu, na mjukuu wetu Elieth ananisahihisha herufi. Wengine watasoma. Wasome tu.

Kila Jumamosi ulichukua jembe ukaenda kuchonga ngazi kwenye mteremko wa chemchemi, ili wajawazito wasiteleze na ndoo. Hakuna aliyekutuma. Ukimkuta mtoto na dumu lililomzidi, ulimpokea mpaka juu, kisha ukamrudishia karibu na kwao ili mama yake amsifu.

Na ulipenda kuandika jina lako. Ulivuka mpaka kutoka Burundi umebebwa mgongoni, shule hukuiona, na miaka mingi ulikuwa mtu wa kuweka dole gumba. Tulipoambiwa tujaze fomu za uraia ulikuwa na wajukuu wawili tayari. Ulijifunza kusaini kwa wiki tatu, pale mezani, ulimi ukiwa nje kama wa mtoto. Tangu hapo hukutembea bila kalamu mfukoni. Kwenye mikutano ya kijiji ulifika kabla ya viongozi, ukasaini mahudhurio namba moja, ukakaa mbele.

Vijana walikuita Mzee Mengineyo. Kila ulipouliza jambo, mwenyekiti alikuambia ungoje ajenda ya mwisho, ya mengineyo, na ilipofika, wingu lilikuwa limetanda au mgeni wa wilaya ana safari. Uliuliza dawa za zahanati zinaishia wapi. Uliuliza kwa nini mtoto wa mjane arudishwe nyumbani kwa sababu ya mchango wa dawati.

"Mzee Mengineyo, leo umekuja na lipi?" Hamis wa bodaboda alikutania.

"Lilelile. Halijajibiwa, nitalibadilishaje?"

Kisha wakaja watu wa kampuni ya miti. Walitaka bonde letu, chemchemi pamoja na vishamba vya maharage ya kiangazi, wapande mikaratusi. Siku hiyo hukungoja mengineyo. Ulisimama ukasema, "Mimi nimeshakimbia kwetu mara moja. Bonde hili silitoi." Watu walipiga makofi mpaka mbuzi wakatawanyika. Mtendaji wa kijiji mwenyewe alikuletea kiti ukae, na hilo lilikuwa jambo jema, sitalikana.

Watu walitaka kuondoka kwa hasira bila kusaini. Wewe ndiye uliyewazuia. "Jiandikeni, jamani! Mkiondoka hivi watasema hatukuwepo." Ukawaazima kalamu yako, mmoja baada ya mwingine. Jirani yetu Mwanaamina hakujua kuandika, ukamshika mkono mkaandika pamoja.

Baada ya miezi minne uzio ulifika. Ulikwenda Kasulu mjini mara tatu kuuliza nani amekubali. Mara ya tatu karani mmoja, binti mdogo, alikuonea huruma akakupa nakala. Maneno yalikuwa mengi, ukampelekea Mwalimu Lusajo. Nilikuwepo. Alisoma, akarudi juu, akasoma tena.

"Mwalimu, kuna nini?"

"Mzee wangu, hapa imeandikwa wananchi wafuatao wameridhia kulitoa bonde."

Wananchi wafuatao ilikuwa karatasi yetu ya mahudhurio, imebandikwa nyuma ya karatasi nyingine. Namba moja ni wewe.

"Lakini mimi nilikataa!"

"Najua, mzee. Nilikuwepo, na mimi ni namba kumi na tisa."

Hukupiga kelele. Ulirudi nyumbani, ukaichomeka kalamu juu ya ukuta, chini ya bati, na hukuigusa tena. Siku zilizofuata ulipita nyumba kwa nyumba. "Nisameheni, mimi ndiye niliyewaambia mjiandike." Wengi walisema hapana neno. Wengine walifunga mlango, na wako waliosema umehongwa. Mwanaamina alikukalisha kwenye mkeka, akakuwekea mihogo ya kuchemsha. "Shemeji, jina langu uliliandika vizuri. Mwenye makosa ni aliyelichukua." Nilimpenda mwanamke huyo kwa maneno hayo. Lakini hukula. Jumamosi ulikaa kizingitini na jembe mapajani, kwa sababu ngazi zako zilikuwa ndani ya uzio.

Siku ya kukuzika, Generosa aliweka daftari la maombolezo mezani, na kalamu juu yake. Watu walijaa mpaka barabarani. Jioni nilipolifungua, lilikuwa jeupe. Hakuna aliyethubutu kuandika jina. Walikuwa wamepita kwangu mmoja mmoja, wakaniinamia sikioni: "Mama Generosa, ni mimi fulani, nimefika." Nilijaribu kuyashika majina yote. Mengine yamenipotea, wanisamehe.

Mwezi uliopita tumeitwa tena. Sasa wanataka na kilima, pamoja na shamba ulimolala. Tulijaa uwanja wa shule. Karatasi ya mahudhurio ilipita mstari kwa mstari, ikamrudia mtendaji tupu.

"Jamani, bila majina akidi haijatimia."

"Si unatuona?" Hamis akauliza. "Au tukusogelee?"

Watu walicheka. Mtendaji hakucheka. "Nawaona, Hamis. Wilayani nitapeleka macho yangu?"

Juzi tangazo limebandikwa ofisini. Linasema mkutano haukufanyika kwa kuwa wananchi hawakujitokeza, na taratibu nyingine zitaendelea. Tulikaa juani kutwa nzima, Baba Generosa. Nina uhakika nilikuwepo, kwa maana kichwa kiliniuma mpaka kesho yake.

Tukisaini, tumekubali. Tusiposaini, hatukuwepo. Nimeligeuza jambo hili kila siku nikichambua maharage, wala sioni upande wa kulishikia. Wewe ungeniambia tungoje mengineyo. Mimi nimeacha kungoja.

Maji tunayachota mtoni, saa nzima kwenda na zaidi kurudi. Hamis huwabebea wazee dumu mojamoja, hataki malipo. Nakuambia ili ujue kwamba watu wema bado wapo. Hawajapungua. Ila wema wao haujasogeza uzio hata hatua moja.

Leo nimeichomoa kalamu yako chini ya bati. Nilidhani imekauka, kumbe bado inaandika. Basi tunayaweka majina yetu hapa chini, na anayesoma aone vizuri tumeyaandikia nini, asije mtu akayakata na kuyabandika penginepo:

Mkeo Immakulata. Binti yako Generosa na mumewe Felician. Mwanao Niyonkuru, aliyeko Busunzu, Kibondo. Wajukuu wako Elieth na Ndayikunda. Na Mwanaamina, aliyeomba awemo, akaandika mwenyewe, herufi moja moja, bila kushikwa mkono.

Tulikuwepo. Bonde hatukulitoa na kilima hatukitoi, hata kama imeandikwa vingine. Tulichokubali sisi ni kimoja tu, kukukumbuka wewe siku zote tulizobakiwa nazo.